Jezi Namba Kumi

Mwalimu Rutashobya alisema atanijibu asubuhi.
Kwa hiyo Ijumaa jioni nikanyoosha jezi isiyo na mtu.
Pasi ya mkaa, moto wa chini,
maana nailoni haitaki hasira,
na dirishani Butimba nzima ikibishana:
pasi mkononi mwangu, pasi vinywani mwao.

Wa Nkwabi waligonga meza za bwalo.
Mpe mtu wa mbio! Akiupata mpira hauachi,
anawapeta mabeki kama mchele ungoni,
chenga huku, chenga kule,
mpaka wenzake wenyewe wanasimama kutazama.
Hata korongo wa jalalani, wale wenye vipara,
huinua shingo akipita.

Wa Bituro walikuwa wachache, hawapigi kelele.
Kijana wa Ukara, mfupi, miguu kama ameazima.
Hakimbii. Anaangalia.
Mpira humfikia kama barua iliyokosea nyumba,
naye huipeleka kwa mwenyewe.

Ila pasi inataka mpokeaji.
Majura, aliyezijua pasi zake hata gizani,
yuko Magu kwenye mazoezi ya kufundisha
na mkuu wa shule kamnyima ruhusa.
Na upepo wa ziwa, ukishaanza saa tisa,
hauheshimu pasi ndefu.
Siku ile na wale wa Bunda ulizibeba tatu,
moja ikakwama juu ya mwamba nyuma ya goli,
tukangoja mtoto apande kuushusha mpira.
Tulifungwa moja.
Umlaumu nani, ziwa?

Mimi mpira siujui. Najua nguo.
Mwaka wa pili huu nafua jezi za chuo
kwa posho isiyofika tarehe ishirini,
na beseni halina ushabiki.

Akicheza Nkwabi,
yake hurudi imechanika begani walipomvuta,
tope kifuani, nyasi, damu kidogo.
Zile nyingine hurudi kama zilivyokwenda.
Nazinusa: zina harufu ya kabati.
Saa moja tu nimemaliza, naenda zangu kusoma.

Akicheza Bituro,
yake ndiyo safi. Unyevu mgongoni, basi.
Lakini hizo nyingine!
Nzito, zimekunywa chumvi.
Hata ya beki wetu wa kushoto,
ambaye siku zote nilidhani anakuja kutalii,
imelowa kuanzia kola hadi pindo.
Maji ya kwanza huwa kama chai ya rangi.
Nafua mpaka vidole vinakunjamana,
mpaka kamba inajaa watu wasio na vichwa
wanaopepea kuelekea ziwani.

Sikumwambia mtu.
Ushindi hauhesabiwi kwa beseni,
na Nkwabi ametufungia mabao saba.
Nani atamwendea mwenye mabao saba
amweleze harufu ya kabati?

Saa nne usiku Mwalimu akagonga,
fomu mkononi, penseli sikioni.
Mstari wa namba kumi alikuwa ameufuta
mpaka karatasi imetoboka.
Akauliza kama anayeuliza saa:
"Nyamizi, ungekuwa wewe, ungempa nani?"

Nikaitazama mikono yangu.
Ingepigiwa kura na yenyewe,
ingekwisha sema Nkwabi, ikalale.
Nikamweleza habari za kabati,
na za beki wa kushoto.
Hakucheka.
Akaishika ile jezi, bado ina joto,
akaipima kwa macho, upana wa mabega,
akairudisha kwenye kiti.
Akaondoka bila kuandika kitu.

Asubuhi orodha ilikuwa haijabandikwa.
Nilishuka mpaka dukani kwa Mama Bhoke,
akanikatia kipande kama kawaida yangu,
nikamwambia hapana,
leo nipe mche mzima.